Kumbe Naimba Nikishona

3 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo na kazi? Mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani, au ule mto niliokuletea umesaidia? Usiniambie umempa paka. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, hofu ni kwako tu.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, tumejaribu mara ngapi? Picha inakatika, mkono wako unaganda hewani katikati ya neno, nami nabaki nakisia kama umesema "njoo" au "nyamaza". Barua haigandi. Halafu wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa hiyo kosa lolote utakaloliona humu ni la mwalimu.

Habari yenyewe ni hii. Bendi yetu inafanya onyesho la muziki kwa ajili ya viziwi na wenye usikivu hafifu. Siyo yale ya "karibuni nanyi mkae pembeni muone wenzenu wanavyofurahi". Hili ni lenu. Tumepata ukumbi uliokuwa wa mazoezi ya ngumi, sakafu yake ni mbao na chini yake ni patupu. Tumelaza spika kubwa za besi chali chini ya zile mbao, zinatazama juu. Jana fundi wetu wa umeme alivua viatu akasimama katikati, mpiga besi akapiga nota moja tu, na yule mzee akashika suruali yake kwa mikono miwili kama inataka kumhama.

Kila atakayeingia atapewa puto la kukumbatia, maana puto kifuani linashika hata zile sauti nyembamba ambazo sakafu haizipati. Wenye mashine za masikioni watapata muziki moja kwa moja kwenye mashine zao, bila makelele ya ukumbi. Kuna skrini ya maandishi: kila neno la wimbo litaandikwa, na kila kinacholia kitatajwa. Na kuna mkalimani. Huyu dada baba yake alikuwa kiziwi, lugha ya alama ameinyonya na maziwa, na anakalimani kwa mwili mzima mpaka nyusi. Nilimwambia neno moja tu: usiwapunguzie kitu. Kila tunachokisikia sisi, wape.

Tarehe 28. Njoo na rafiki yako Kishimo. Wimbo wa mwisho ni wako, Mama, na sisemi zaidi ya hapo.

Mwanao,
Kidole
(Ndiyo, bado natumia jina la alama mlilonipa wewe na Kishimo, ingawa kunyonya kidole niliacha zamani.)


11 Februari

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Mto upo, na paka anauheshimu kuliko unavyoniheshimu wewe. Mgongo ni mgongo, nimeshauzoea. "Nakula" haitoshi kuniambia, sema unakula nini.

Makosa ni mawili, nimeyaacha kwa sababu nilikuwa na furaha.

Sasa, muziki. Mimi na muziki tuliachana nikiwa na miaka mitano, homa ilipoondoka ikabeba na masikio yangu. Tangu hapo nauona kwenye miili ya watu tu. Watu wazima, wenye akili zao, wanatikisa vichwa kwa kitu kisichoonekana, nami nakaa najiuliza wamepatwa na nini. Kwenye harusi yangu mwenyewe nilicheza kwa kutazama mabega ya baba yako. Ulipoamua kuwa mtu wa muziki, Kishimo alinipa pole. Alisema Mungu ana utani na mimi. Nilicheka mpaka kishimo cha shavuni kwake kikatokea kwa kunicheka ninavyocheka. Lakini baadaye nilikaa nikafikiri, mtoto wangu ameingia chumba ambacho mimi sina ufunguo wake. Sikulaumu. Nakuambia ili ujue kwa nini nakuja: nataka kukiona hicho chumba.

Kishimo anakuja, tena ameshajisifu kwa viziwi wenzetu wote tunaokutana nao Jumamosi kwamba mtoto wetu ametutengenezea sakafu. "Mtoto wetu", kama vile uchungu tuligawana. Jiandae, tutajaa.

Najishonea gauni la kijani lenye mifuko. Mtu akikumbatia puto anahitaji mahali pa kuweka leso.

Mama yako


2 Machi

Kidole,

Hujambo. Nakusalimia kwa sababu babu yako alinifundisha kwamba barua bila salamu ni sawa na kumrushia mtu jiwe, na leo sitaki kukurushia jiwe. Sijui nataka nini. Tangu juzi uzi hauingii kwenye tundu la sindano.

Najua ulinitafuta. Kishimo aliniambia ulitoka na jasho lako ukawa unamuuliza kila mtu mlangoni. Nilikuwa nimeshaondoka.

Ngoja niseme kwa utaratibu, maana kichwani mambo yamesokotana. Nilivua viatu kama wengine. Wimbo wa kwanza ngoma ilinipanda mpaka magotini. Wa pili ikafika tumboni. Kishimo alikumbatia puto lake akafumba macho, mwanamke ambaye hajawahi kufumba macho mbele za watu, kwa sababu akifumba ndiyo amepotewa na kila kitu. Na yule mkalimani wako, mwanangu, ni mtu. Gitaa lilikuwa linatokea mabegani kwake. Nililia kidogo, sikufichi. Nilisema moyoni, kumbe hiki ndicho wanachokitikisia vichwa.

Kisha ukaja huo wimbo wa mwisho. Skrini ikaandika: CHEREHANI INAANZA. Nikacheka, nikampiga Kishimo kiwiko. Kisha ikaandika: SAUTI YA MAMA AKISHONA. Sikuelewa, nikamtazama mkalimani. Akaonesha mwanamke ameinamia mashine. Akaweka mkono kooni, akautoa mbele taratibu, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Akasema kwa alama, waziwazi, mbele ya watu wote: mama anaimba, hajui kama anaimba, hii ni sauti yake mwenyewe.

Watu wakageuka. Wote wanajua mpiga muziki ni mtoto wa nani, Kishimo alihakikisha hilo. Viziwi wananitazama wameduwaa, wenye kusikia kule nyuma wananitazama wakitabasamu. Nikajishika mdomo. Ulikuwa umefungwa. Na mkono wa yule dada bado unapanda na kushuka, maana yake sauti yangu inaendelea huko bila mimi. Nilitamani zile mbao zifunguke nianguke kwenye spika zako.

Kidole, mimi sina sauti. Hilo unalijua? Nilipokuwa shuleni wasichana walikuwa wananiambia nitamke majina yao, halafu wanaanguka chini kwa kicheko. Mwalimu akaniwekea kidole midomoni mbele ya darasa zima. Nikafunga mdomo siku ile, na nikaufunga kweli. Wewe nilikuita kwa kupiga mguu sakafuni na kuwasha na kuzima taa. Siku ulipoungua mkono nilikimbia nawe hospitali nimeuma meno. Nilikuzaa nimeng'ata shuka, wakunga wakasema hawajaona mwanamke wa hivyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yangu, na niliitunza.

Nijibu swali moja bila kunipamba. Ni kweli? Mimi natoa sauti?

Mama yako


7 Machi

Mama,

Shikamoo. Naona aibu kukuuliza hali, maana najua ni mimi niliyeiharibu. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa sakafuni.

Ni kweli.

Mama, nilidhani unajua. Naandika sentensi hiyo na mimi mwenyewe inanishtua. Sijawahi, tangu nizaliwe, kukuona unashona bila sauti ile. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala chini ya meza yako ya kukatia kwa ajili yake. Nilijua husikii mlango, husikii gari, husikii mvua mpaka ikulowanishe. Haikuniingia akilini hata mara moja kwamba hujisikii wewe. Mtoto wa kiziwi, niliyelelewa na mikono yenu, na jambo la wazi kama hilo sikulifikiria. Nimeduwaa kwa ujinga wangu, sijui niuite nini.

Umesema nisikupambe, kwa hiyo nitakueleza ilivyo. Siyo maneno. Inaanza mguu wako unapokanyaga pedali. Ni ya chini, inatokea zaidi puani. Mshono ukinyooka, inapanda polepole. Ukifika kwenye kona inakatika, unageuza kitambaa, inaanza upya pale pale ilipoishia. Kwenye zipu inakuwa kali, kama mtu anayegombana na mwenye deni. Ukimaliza kukata uzi inazimika.

Nilirekodi mwaka jana nilipokuja likizo, ulikuwa unashona sare za shule. Simu niliiweka mezani wazi, ukanitazama, ukatabasamu. Lile tabasamu nililifanya ruhusa. Sikukuuliza, na sasa naona kwamba ulikuwa unamtabasamia mwanao, hukuwa unaruhusu kitu.

Mkalimani usimchukie. Alifanya nilichomwomba, hakuwapunguzia kitu. Mimi ndiye niliyetaka usikie kila kitu, nikasahau kufikiri ni nini utakachosikia.

Wimbo haujatoka popote. Uko kwenye mashine yangu tu, wenzangu wanataka tuutoe mwezi ujao. Wewe sema neno, lolote, nitalifanya.

Nisamehe, Mama.

Mwanao


16 Machi

Kidole,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, mengine hayo unayajua.

Nimekuwa nauliza watu. Niliandika kwenye karatasi, "Nikishona, natoa sauti?" nikaiweka mezani, kila aliyeingia nikamsogezea. Mama wa duka la dawa alisoma, akanitazama, akasoma tena, akaandika: "Kila siku. Kwani ilikuwa siri?" Mwenye nyumba akaandika kwamba wapangaji wa juu ndivyo wanavyojua nimefungua. Yule mwalimu mstaafu, mteja wangu tangu hujaota meno, akaandika kwamba yeye alidhani ni ugonjwa na hakutaka kunitia aibu. Ugonjwa, Kidole. Amekaa kwenye benchi langu miaka yote akinihurumia, nami nikidhani anasubiri suruali.

Nyani haoni kundule, wanasema. Sawa, lakini nyani angalau wenzake ni nyani. Mimi nimezungukwa na watu wenye masikio na hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza kwa kalamu. Kishimo amekasirika kuliko mimi, maana sasa anajiuliza yeye anatoa nini akipika. Tulikaa tukatazamana kama watu waliotembea mji mzima na nguo zimechanika nyuma.

Halafu baba yako. Unajua tulivyoonana: alikuwa analeta shati lililokatika kifungo, wiki baada ya wiki, mpaka nikagundua vifungo anavikata mwenyewe kwa wembe. Nilikuwa nashona, yeye anakaa kwenye benchi amenipa mgongo, nami nikasema huyu ni mtu wa haya, hawezi hata kunitazama. Kumbe hakuwa na haja ya kunitazama. Alikuwa amekaa anasikiliza. Miaka yote ya ndoa hakuniambia, amekwenda nayo kaburini, na sasa nimgombeze nani? Nimeigombeza picha yake, nikajiona mwendawazimu.

Sasa hivi nashona nimebana leso kwa meno. Nimeharibu suruali mbili na gauni la bi harusi, la bi harusi, ambaye alilia mbele yangu. Nikisahau leso, halafu nikakumbuka, mguu unasimama wenyewe.

Ulisema niseme neno. Neno lenyewe ni: ondoa. Sitaki watu wasionijua wacheze juu ya koo langu. Wale wasichana wa shule walikuwa wachache na niliwajua kwa sura. Hawa wako watakuwa wangapi?

Nakupenda, usije ukadhani vingine. Ila kwa sasa usije nyumbani.

Mama yako


29 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka nikiandika jambo liwe limekwisha.

Nimeondoa. Mpiga besi alinishika mkono, akasema ukitoa hiyo umetoa moyo wa wimbo, mwache mama apoe kwanza. Nikamwambia si yangu wala si yako. Nikaitoa sauti yako kwenye wimbo, kisha nikafuta na ile ya mwanzo, iliyokuwa kwenye mashine, na ile ya akiba, na ile ya simu. Nilitaka usikae hata siku moja unajiuliza kama ipo mahali. Haipo.

Wimbo tumeuacha. Tulijaribu kuupiga bila yako, ukawa cherehani tu, mashine inakwenda na hakuna mtu.

Tangu hapo sijagusa chombo. Usinionee huruma, nakueleza tu. Mto usimpe paka.

Mwanao


30 Machi

Kidole mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, leo nimelala vizuri. Barua yako sijaipata na siisubiri, kwa sababu nikiisubiri nitabadili mawazo tena, na nimechoka kubadili mawazo.

Yule mkalimani alikuja. Alijifanya ana sketi ya kupunguza kiuno. Niliitazama sketi, nikamtazama yeye, nikamwambia kwa mikono: hii inakutosha, sema kilichokuleta. Akakaa. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile, na kwamba baba yake naye alikuwa akipiga randa anatoa sauti, fundi seremala, na mama yake ndiye aliyemwambia mumewe usiku wa harusi yao. Baba yake akanuna wiki nzima. Kisha akawa anauliza kila jioni, "Leo nimesema nini?"

Nikamuuliza lile ambalo sikuthubutu kukuuliza wewe: inachekesha? Mtu wa alama hawezi kukudanganya vizuri, uso wake unamsaliti. Alifikiri kwanza. Akasema, si ya kuchekesha, na si nzuri kwa ule uzuri wa waimbaji. Ni sauti ya mtu anayefanya kazi yake na hakuna anayemsumbua. Nikamwambia arudie, akarudia.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikuandika mara ya kwanza kwa sababu ya hasira. Siku ile ukumbini, kabla skrini haijaandika SAUTI YA MAMA, kabla yule dada hajashika koo lake, kulikuwa na kitu kimeanza kwenye visigino vyangu. Kidogo tu, chembamba, kinapanda na kusimama, kinapanda na kusimama, si kama zile ngoma zako zinazotikisa utumbo. Nilikipenda. Kati ya vyote vya usiku ule hicho ndicho nilichosema, hiki nakijua. Kisha wakaniambia ni mimi, na aibu ikala kila kitu. Lakini nilikipenda kabla, Kidole, na hiyo siwezi kuifuta.

Kwa hiyo nasema hivi. Wimbo usiutoe kwanza, tutaongea. Lakini sauti usiifute. Nitunzie. Nataka nije siku ukumbi ukiwa mtupu, mimi na wewe na Kishimo, nivue viatu niisikie mpaka mwisho.

Naharakisha kwa sababu kuna jambo linanitisha. Leso nimeitupa. Jana nilimwita mama wa duka la dawa, nikamwambia akae, nikashona huku mkono wangu wa kushoto ukiwa kooni. Hakuna kitu. Akatikisa kichwa. Leo pia hakuna. Nafikiri imekimbia kwa sababu sasa naitazama. Kwa hiyo hiyo uliyonayo ndiyo iliyopo.

Mama yako


5 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Barua zetu zimepishana njiani. Utakuwa umeshaipata yangu. Niliifuta kabla hujaandika, yote, hata ya simu. Nimeipeleka mashine kwa fundi wa kompyuta, nikampelekea na simu, akahangaika navyo, akatikisa kichwa. Nimekwenda kwa mwingine, naye vilevile. Nimewauliza wenzangu wa bendi kama kuna aliyejiwekea nakala kwa siri. Mara ya kwanza maishani nilitamani watu wangu wawe wezi. Hakuna.

Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanao


12 Aprili

Kidole,

Hujambo. Nimekaa na barua zako mbili mapajani asubuhi nzima, wateja wanaingia na kutoka wakidhani nimefiwa. Labda nimefiwa.

Nimekasirika na sina wa kumkasirikia. Mimi ndiye niliyesema ondoa, wewe ukatii. Umekaidi kila kitu tangu utotoni, kuvaa sweta, kumaliza chakula, kusoma uhasibu, na ukachagua hili moja la kunitii mpaka mwisho. Nilicheka nilipofikiri hivyo, kisha nikalia, Kishimo akanikuta nafanya vyote viwili.

Bado hakuna kitu kooni. Nimeuliza kila siku. Mama wa duka la dawa sasa akiniona namkazia macho anatikisa kichwa kabla sijamuuliza. Wapangaji wa juu wamemuuliza mwenye nyumba kama naumwa.

Njoo nyumbani. Sikuahidi chochote, koo halichukui oda. Lakini kama itarudi, nataka awepo mtu anayeijua. Sharti ni moja: usirekodi kitu bila kuniuliza.

Mama yako


26 Aprili, juu ya cherehani

Mama,

Umetoka kupeleka koti la mwenye nyumba, nami naandika hapa nyuma ya karatasi yako ya kukatia kwa sababu najua nikianza kukuambia kwa mikono nitaharibu.

Imerudi leo. Nimekuwa hapa tangu juma lililopita na ilikuwa mashine peke yake, nikaanza kuamini kwamba tumeiua. Leo ulikuwa unapambana na kola ya lile koti, imekugomea, umekunja uso, umesahau kila kitu. Ikaanza. Ilikuwa ndogo kuliko ya zamani, imekwaruza kidogo, kisha ikashika njia yake.

Simu ilikuwa mkononi, ilibaki kubonyeza tu. Sharti lako nilikuwa nalo kichwani: nikuulize. Nikikugusa bega nikuulize, inanyamaza, labda moja kwa moja. Nisipokuuliza, mimi ni yule yule wa mwaka jana, aliyechukua tabasamu akalifanya ruhusa. Nilisimama nyuma yako nikiwa sijui la kufanya, sijawahi kusikiliza kitu kwa hofu namna ile. Sikubonyeza. Ukamaliza kola, ukakata uzi, ikazimika.

Sasa nimekuambia, na huenda kwa kukuambia nimeifukuza tena. Nisamehe. Lakini sitaki tena kujua kitu chako ambacho wewe mwenyewe hukijui.

Mwanao


Jioni, chini yake

Kidole,

Nilikuona. Mbele ya cherehani kuna kioo cha wateja, na mtu mzima mwenye akili zake hasimami nyuma ya fundi nguo akidhani haonekani. Nilimaliza upande wa kwanza wa kola, nikainua macho, nikaona uso wako. Nikajua ni nini. Sikuhitaji mama wa duka la dawa.

Mguu ukataka kusimama. Nikaukatalia. Upande wa pili wa kola niliushona nikijua, macho yangu yako kwako kwenye kioo, naangalia kama uso wako utabadilika. Haukubadilika. Kwa hiyo iliendelea, sivyo? Basi upande ule niliimba mwenyewe.

Kesho nina mapazia ya hospitali, mishono yake ni mirefu na haina kona. Chaji simu yako. Ukiniuliza, nitakujibu ndiyo, na sitanyamaza.

Mama yako